Jina, Chapa na Heshima ya Mtu Kazini

Hivi karibuni tuliletewa mswada wa kitabu cha mafunzo ya watumishi ili tuupitie kabla haujapigwa chapa. Katika sura mojawapo mfasiri aliandika kwamba kila mtumishi mwenye malengo hana budi "kujichapa". Alikusudia kusema kwamba mtumishi ajenge sifa yake ya kitaaluma mpaka ajulikane kwayo. Lakini msomaji wa Kiswahili, asomapo sentensi hiyo, humwona mtumishi akijicharaza bakora. Kosa hilo halikutokana na uzembe. Lilitokana na upungufu wa istilahi, na makala haya yanakusudia kuusaidia upungufu huo.

DHANA YENYEWE

Yafaa kwanza tuielewe dhana, ndipo tuitafutie jina. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Al Ries na Jack Trout, walitoa kitabu kuhusu namna bidhaa inavyojipatia nafasi katika fikira za wanunuzi, na humo wakaeleza kuwa mtu naye aweza kuifuata njia hiyo katika kazi yake. Mwaka 1997 Tom Peters aliandika katika jarida la Fast Company makala yaliyoieneza sana dhana hii, akimtaka kila mfanyakazi ajihesabu kuwa mkuu wa kampuni ambayo bidhaa yake ni yeye mwenyewe. Tangu mwaka 2003, ulipofunguliwa mtandao wa LinkedIn, jambo hili limekuwa sehemu ya maisha ya kazi ya watu wengi.

Tukiichambua, dhana hii ina sehemu tatu: ustadi alio nao mtu, namna anavyojitambulisha, na watu wanavyomtaja asipokuwapo. Kazi yenyewe ni kuzioanisha sehemu hizo kwa makusudi. Ya pili ikiizidi ya kwanza, huo ni ulaghai. Ya kwanza ikiikosa ya pili, stadi hubaki gizani. Istilahi ifaayo ni ile inayozibeba zote tatu.

MANENO YANAYOTUMIKA

Kujinadi. Kunadi ni kutangaza vitu mnadani. Neno hili limezoeleka kwa wagombea wa uchaguzi, lakini linagusa kule kujitambulisha tu, tena lina harufu ya majivuno.

Wasifu. Shaaban Robert alilitumia katika Wasifu wa Siti binti Saad kwa maana ya habari za maisha ya mtu. Leo maofisini ni pia hati iambatanayo na barua ya kuomba kazi. Hati si tendo. Kwa hiyo neno hili libaki na kazi yake.

Haiba. Huu ni mvuto alio nao mtu, nao waweza kuwapo bila jitihada yoyote. Dhana yetu ni ya jitihada.

Chapa. Hili ndilo lenye nguvu zaidi, na wengi husema "chapa binafsi". Neno lina asili ya Kihindi, nalo limekaa vema katika biashara. Huko Mombasa, kanga za mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, zilitambulikana kwa maandishi "Mali ya Abdulla", hata jina la mtu likawa dhamana ya kitambaa. Lakini tuangalie vizuri: iliyotiwa chapa ilikuwa kanga, si Abdulla. Chapa huonyesha kitu ni cha nani au kimetoka wapi. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa nalo lina asili ya moto: ni alama ya chuma kilichochomwa, aliyotiwa mnyama ili mwenyewe ajulikane. Katika biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki, chuma hicho kiliwekwa katika miili ya binadamu. Ng'ombe hachagui chapa yake, wala mtumwa hakuchagua. Je, hilo ndilo neno la kumfundishia kijana namna ya kujipatia heshima kazini?

PENDEKEZO

Lugha yetu ina usemi wa siku nyingi: mtu hujijengea jina. Kujenga kwahitaji vifaa, ndio ustadi; kwahitaji mkono wa mjenzi, ndiko kujitambulisha; na jina hukaa vinywani mwa watu wengine, ndiyo sifa. Tunapendekeza basi "kujijengea jina" kiwe kitenzi, "ujengaji jina" liwe tendo, na "jina la kitaaluma" liwe matokeo. "Chapa" ibaki kwa bidhaa na makampuni. Ile sentensi ya mswada itasomeka: kila mtumishi mwenye malengo hana budi kujijengea jina.

Huenda ikasemwa kwamba "jina" lina maana nyingi mno. Ni kweli, lakini muktadha hutosha: tusemapo kwamba fundi fulani ana jina, hakuna aulizaye anaitwa nani.

Pingamizi kubwa zaidi latoka katika methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu tumelelewa nayo. Matokeo yake twayaona katika usaili. Mwalimu aliyewainua wanafunzi dhaifu wa hisabati kwa miaka kumi huulizwa amefanya nini, naye hujibu kwa unyenyekevu, "Nafundisha tu." Cheo humwendea mwingine, na mbinu zake hazimfikii mwalimu wa shule ya pili. Tukimwambia ajinadi, atakataa, na ana haki. Tukimwambia ajijengee jina, ataelewa kwamba anatakiwa kuandika aliyoyafanya, kuwafundisha wenzake na kuitaja kazi yake kwa ukweli. Hata chema hakijiuzi kikiwa kimefungiwa kabatini.

Kabla istilahi hizi hazijasanifiwa, twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wazijaribu katika sentensi zao za kila siku, kisha walijulishe Baraza pale zinapokwama.