Maradhi ya Kutetemeka na Tumbo: Panya Wametuonyesha Nini?

Tunapomwona mzee anatetemeka mkono, uso umekakamaa na anatembea kwa hatua fupi fupi, wengi husema ni uzee tu. Wengine husema karogwa. Mara nyingi huo ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Katika maradhi haya, chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia viungo kwenda sawa, hufa kidogo kidogo.

Leo lakini tuuache mkono, tuangalie tumbo. Parkinson mwenyewe aliandika kuwa wagonjwa wake walisumbuliwa na choo. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Hawaii, ambako wanaume zaidi ya 6,700 walifuatiliwa hadi miaka 24. Wale ambao hawakupata choo hata mara moja kwa siku waliugua Parkinson zaidi ya mara mbili ya waliopata mara moja kila siku. Kumbe tumbo hulalamika miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka!

Mwaka 2003 Mjerumani Heiko Braak alitoa rai kwamba huenda ugonjwa huanzia kwenye utumbo, kisha hupanda hadi ubongoni kwa njia ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Yeye alichunguza maiti, na maiti haisemi kipi kilitangulia. Ndipo ikabidi kurudi kwa wanyama.

Hapo pana ugumu. Panya haugui Parkinson mwenyewe, lazima auguzwe. Njia mojawapo ni sumu iitwayo rotenoni, dawa ya wadudu itokayo kwenye mimea. Imo hata katika utupa, ule mmea ambao watu huutumia kulewesha samaki (jambo ambalo sheria inalikataza, na sasa msomaji ana sababu nyingine ya kuliacha). Mwaka 2010 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliwalisha panya rotenoni kidogo kidogo. Protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo kwa wagonjwa hujikunja vibaya na kurundikana ubongoni, ikaanza kurundikana kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo, kisha ikaonekana juu zaidi. Walipoukata mshipa wa vagasi, kama walivyoeleza mwaka 2012, safari hiyo ilizuilika.

Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, hawakutumia sumu. Waliwadunga panya protini hiyo iliyoharibika kwenye kuta za tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Baada ya miezi kadhaa ilikuwa imefika ubongoni, na panya wakawa wazito wa mwendo. Waliokatwa vagasi walisalimika.

Usikimbilie kuogopa. Wengi mno wanaofunga choo hawana Parkinson. Wana upungufu wa maji, mboga na mwendo. Tena panya si mtu, na wataalamu wengi wanaona kuwa kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huanzia kwingine. Lakini mzee anayefunga choo muda mrefu, akapoteza na uwezo wa kunusa, tena usingizini anapiga mateke na kupiga kelele, apelekwe kwa daktari.

Kwa aliyekwisha kuugua, tumbo ndilo lango la dawa. Levodopa, dawa kuu ya maradhi haya, hunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Tumbo likiwa zito, kidonge hukaa humo na mgonjwa hubaki amekakamaa, watu wa nyumbani wakidhani dawa ni mbovu. Nyama, samaki na maharage navyo hugombania njia na dawa hiyo, kwa hiyo wengi huimeza kama nusu saa kabla ya kula. Mpeni maji ya kutosha, matunda na mboga, na atembee kadiri awezavyo.

Ramadhani inahitaji uangalifu zaidi, maana dawa hii humezwa mara kadhaa mchana na kuikatisha ghafla ni hatari. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Mwoneni daktari mapema, kabla mwezi haujaandama.