Mama Mjamzito Anadai Haki Yake: Kesi Iliyoanzia Arua na Mityana

Gombolola ya Ajia imo katika kaunti ya Vurra, wilaya ya Arua, kaskazini magharibi ya Uganda. Ni nchi ya wakulima wa mihogo, mtama, karanga na ufuta, na mwanamke wa huko, kama mwanamke wa shamba popote pale Afrika Mashariki, hashiki jembe kwa mapumziko hata mimba ikiwa imefika miezi minane. Uchungu unapomshika, njia yake inajulikana. Kwanza ni kituo cha afya cha gombolola. Kwa mpango wa huduma za afya wa Uganda, kituo cha ngazi hiyo kina wodi ya wazazi na wakunga, lakini hakina chumba cha upasuaji. Mambo yakizidi, mgonjwa hupakiwa kwenye gari kama limepatikana, au kwenye pikipiki, apelekwe mjini Arua kwenye hospitali kuu ya rufaa, ambayo hutegemewa na wilaya za West Nile.

Kurasa za nyumbani katika magazeti zimefanya kazi ya miaka mingi kuwafundisha akina mama wajibu wao katika safari hiyo: kuhudhuria kliniki mapema, kuweka akiba ya nauli, kutojifungulia nyumbani, na kukimbilia hospitali mara dalili mbaya zionekanapo. Mafundisho hayo ni ya kweli na hayana budi kuendelea. Lakini jambo lililotokea Arua mwezi Desemba 2010 liliuliza swali ambalo mafundisho hayo hayana jibu lake. Je, mama aliyetimiza yote aliyoambiwa, akafika hospitalini kwa wakati, na hapo hapo akakosa msaada, amdai nani?

Mama huyo alikuwa Jennifer Anguko, diwani wa wilaya, mama wa watoto watatu wadogo, na mke wa mwalimu. Hakuwa mtu wa kukosa elimu wala wa kuogopa ofisi za serikali, kwani ofisi hizo ndizo zilizokuwa mahali pake pa kazi. Alifika katika hospitali ya rufaa akiwa na uchungu, akiwa hai na mwenye nguvu za kusema. Zamuni alikuwapo mkunga mmoja tu, kama hospitali yenyewe ilivyokuja kukiri, na muda wa saa 12 ukapita bila daktari kumpima. Mumewe alikuwa akimbadilishia shuka zilizolowa damu. Alifariki dunia katika wodi ya wazazi.

Kilichomwua ni kupasuka kwa mfuko wa uzazi. Hali hii hutokea pale uchungu unaposukuma na mtoto asiweze kupita. Misuli ya mfuko huzidi kujikaza hata ukuta wake ukachanika, na damu humwagika ndani ya tumbo mahali ambapo jicho haliioni. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuchua inayoweza kulizuia jambo hilo. Panahitajika mtu wa kuligundua mapema, chumba cha upasuaji, daktari na damu ya kuongezea. Daktari bingwa aliyechunguza kisa hicho baadaye alisema kwamba mama huyo alikuwa amefika wakati bado anaweza kuokolewa.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, mwezi Agosti 2009, kisa kingine kilikuwa kimetokea mbali na Arua, katika wilaya ya Mityana, magharibi ya Kampala. Sylvia Nalubowa alikuwa na mimba ya mapacha. Mtoto wa kwanza alizaliwa katika kituo cha afya, na wa pili alipokataa kutoka, mama akapelekwa hospitali ya wilaya. Kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, wauguzi walitaka kwanza mfuko wa vifaa vya uzazi na fedha kabla ya kumhudumia, ijapokuwa ada katika hospitali za serikali ya Uganda zilikwisha kufutwa tangu mwaka 2001. Mfuko wenyewe si kitu cha ajabu: mipira ya mikono, wembe mpya, pamba, karatasi ya plastiki ya kutandika, sabuni na uzi wa kufungia kitovu. Sylvia alifariki pamoja na mtoto aliyebaki tumboni.

Aliyekataa kunyamaza ni mama mkwe wake, Rhoda Kukkiriza, mwanamke wa kijijini. Katika desturi nyingi za Afrika Mashariki mama mkwe hutazamwa kama hakimu wa mkaza mwana, na hadithi za ugomvi wao hazina idadi. Hapa mama mkwe alisimama kuwa mlalamikaji kwa niaba ya mkaza mwana wake aliyekufa, akaishitaki serikali. Upande wa Arua alisimama mjane wa kiume, Inziku Valente. Pamoja nao walikuwa profesa wa sheria, Ben Twinomugisha, na shirika la CEHURD, yaani Kituo cha Afya, Haki za Binadamu na Maendeleo. Katika shirika hilo wanawake kama Noor Nakibuuka Musisi na wakili Primah Kwagala walifanya kazi ya kuibeba hoja hii mbele ya umma na mbele ya sheria. Robinah Kaitiritimba, aliyeongoza chama cha kitaifa cha watumiaji wa huduma za afya, naye alikuwa miongoni mwa sauti zilizokusanya vyama vingi kuwa muungano mmoja wa kupinga vifo vya wazazi.

Shauri liliandikishwa katika Mahakama ya Katiba mwezi Machi 2011, likiwa namba 16 ya mwaka huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhai, na kifungu chake cha 33 kinaitaka serikali imlinde mwanamke kwa kuzingatia hali yake ya pekee na kazi yake ya uzazi. Basi mama anapokufa kwa kukosa mkunga, mipira ya mikono au damu ya akiba katika hospitali ya umma, katiba imevunjwa. Neno kama hilo halikuwa limepata kutamkwa na mahakama ya nchi hiyo.

Tarehe 5 Juni 2012 majaji walilitupa shauri bila kusikiliza ushahidi. Walisema mambo ya kugawa fedha za umma ni ya serikali na bunge, na mahakama haina mamlaka ya kuyaingilia. Walalamikaji walikata rufaa. Tarehe 30 Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kutafsiri katiba ni wajibu wa mahakama hata kama jambo lenyewe linagusa siasa, ikaamuru shauri lirudishwe lisikilizwe. Ikapita karibu miaka mitano mingine. Mtoto aliyezaliwa mwaka shauri lilipofunguliwa alikuwa amefikia umri wa kujua kusoma na kuandika siku hukumu iliposomwa.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 19 Agosti 2020. Majaji wote watano walikubaliana kwamba serikali, kwa kutotoa ipasavyo huduma za msingi za uzazi katika vituo vyake, ilikuwa imekiuka katiba. Waliamuru fedha za kutosha zitengwe kwa ajili ya wazazi, watumishi wapewe mafunzo na vituo vipatiwe vifaa katika miaka miwili ya fedha iliyofuata, na waziri wa afya awasilishe bungeni ripoti ya hali ya huduma hizo mwishoni mwa kila mmoja wa miaka hiyo. Familia mbili zilipewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 310 za Uganda.

Wanawake wa Uganda hawakuwa peke yao katika kuishika njia hii. Nchini Brazili, kijana wa kike mweusi aliyeitwa Alyne da Silva Pimentel alikufa mwezi Novemba 2002 baada ya kucheleweshewa matibabu ya ujauzito, akasubiri saa nyingi gari la kumhamisha hospitali. Mama yake mzazi alilipeleka jambo hilo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2011, mwaka ule ule wa shauri la Uganda, kamati ikaamua kwamba Brazili ilikuwa na hatia. Marekani, wanawake weusi walikutana Chicago mwaka 1994 wakaanzisha neno haki ya uzazi, na wenzao wenye asili ya Amerika ya Kusini wakalishika: haki ya kuzaa, haki ya kutozaa, na haki ya kulea mtoto mahali pa salama. Na karibu zaidi na nyumbani, nchini Tanzania, muuguzi mkunga Rose Mlay aliongoza Utepe Mweupe katika kampeni ya Wajibika Mama Aishi, iliyodai bajeti ionyeshe waziwazi fedha za huduma ya dharura kwa wazazi, ikitumia mkoa wa Rukwa kama mfano.

Je, hukumu imebadili kitu? Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda ulionyesha vifo vya wazazi 438 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2011, vikashuka hadi 336 mwaka 2016, na 189 mwaka 2022. Ni maendeleo makubwa, na haitakuwa haki kuyahesabu yote kuwa matunda ya kesi moja. Wakunga walioajiriwa, barabara, uzazi wa mpango na akina mama wenyewe kukubali kujifungulia vituoni, vyote vimo katika hesabu hiyo. Lakini 189 bado ni akina mama wenye majina, na hukumu haifiki kijijini kwa miguu yake.

Kwa mama wa Ajia, basi, kuna mambo ya pande mbili. Ya nyumbani ni yale yale: kutokwa damu kabla au baada ya kuzaa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kuvimba uso, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kuvunjika bila uchungu, au uchungu kupita saa 12, yote hayo hayangoji mapambazuko. Nauli iwekwe kabla, na ndugu wawili wa kutoa damu wajulikane kabla. Baba wa nyumba asimwachie mama mzigo wa kuamua peke yake usiku wa manane.

Ya upande wa pili ni ya kuuliza, na kila kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka vijijini. Ni wakunga wangapi walioandikwa katika zamu ya usiku, na wangapi hufika? Oksitosini, dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa, ipo, na jokofu la kuihifadhi linafanya kazi? Dawa zinazotumwa kutoka bohari kuu kila miezi miwili zilipofika zilihesabiwa mbele ya nani? Gari la wagonjwa lina mafuta, au jamaa huambiwa wachange? Diwani akiulizwa mapema huweza kuyafikisha maswali hayo katika mkutano wa bajeti wa wilaya. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na swali linalochelewa hapo hungoja mwaka mzima mwingine.