Umelipia Stima, Tokeni Imekataa: Nini Kinaendelea Ndani ya Mita?

Umelipia tokeni, pesa imetoka kwenye simu, lakini nyumba bado ni giza. Kabla hujalipa mara ya pili, hebu tuelewane jambo moja: safari ya pesa yako na safari ya tokeni ni safari mbili tofauti. Ya kwanza inaishia kwenye simu. Ya pili inaishia kwenye mita. Ukijua ni ipi iliyokwama, utajua umpigie nani, na hutalipia stima mara mbili bure.

Safari ya kwanza: kutoka pesa hadi tarakimu 20

Ukilipa, sisi tunapeleka malipo yako pamoja na nambari ya mita uliyoandika. Mfumo wa Kenya Power unatengeneza tokeni ya tarakimu 20, kisha unatumiwa kwa SMS. Tarakimu hizo hazijaokotwa tu. Ndani yake kuna kiasi cha yuniti ulizonunua na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, vyote vimefungwa kwa siri ambayo mita moja tu inaweza kuifungua. Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Na ndiyo maana ukikosea nambari ya mita wakati wa kulipa, unaweza kujikuta umemwashia mtu mwingine taa.

Utaratibu huu wa tokeni unaitwa STS. Ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na leo unatumika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Safari ya pili: kompyuta ndogo ukutani

Mita yako ni kompyuta. Si ya kuandikia barua wala kutazama video. Imeundwa kwa kazi yake tu: kupima stima, kupunguza yuniti, na kukata au kurudisha stima. Mita nyingi za tokeni haziko kwenye intaneti, kwa hivyo mita haijui kama umelipa. Inachojua ni tarakimu utakazoiingizia.

Kwenye nyumba nyingi mita iko nje, au hata juu ya nguzo, na ndani una kile kifaa kidogo cha vitufe. Kifaa hicho hakiweki yuniti. Kazi yake ni kupeleka tarakimu kwa mita na kukuonyesha jibu. Huzipeleka biti moja baada ya nyingine, kama abiria wa steji wanaoingia kwenye matatu kwa mlango mmoja. Mafundi huita njia hii mawasiliano ya siriali. Kulingana na aina ya mita, ujumbe hupita kwenye waya mwembamba, hewani, au kwenye nyaya zilezile zinazoleta stima nyumbani.

Kwa nini zipange foleni badala ya kwenda zote pamoja? Kwa sababu nyaya chache ni nafuu na ni rahisi kurekebisha. Viwandani njia hii ndiyo inayounganisha mashine, pampu na mita nyingi. Kiwango kimoja kinachotumika sana, RS-485, kilitoka mwaka 1983 na hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mota kubwa ikichafua mawimbi, uchafu huingia nyaya zote mbili kwa kiasi sawa. Kifaa kinachopokea husoma tofauti kati ya waya mmoja na mwingine, basi uchafu unajifuta wenyewe. Hivyo ujumbe unaweza kwenda hadi kilomita 1.2 na kufika ukiwa mzima.

Kwa nini mita inakataa?

- Umekosea tarakimu. Ndani ya tokeni kuna hesabu ya kujikagua. Tarakimu moja ikibadilika, hesabu haikubaliani, na mita inakataa.
- Tokeni imeshatumika. Mita huweka kumbukumbu ya tokeni za karibuni kwa dakika zake. Hairuhusu moja kuingia mara mbili.
- Ni tokeni ya mita nyingine. Linganisha nambari ya mita kwenye SMS na ile iliyo kwenye mita.
- Kifaa cha vitufe hakifikii mita. Vifaa vingi hutegemea betri stima ikikatwa. Weka betri mpya na ukichomeke kwenye soketi ya nyumba yako, si ya jirani.
- Mita haikusasishwa. Dakika za tokeni zilihesabiwa kuanzia mwaka 1993, na nafasi yake ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, baada ya dakika milioni 16.7 hivi. Ndiyo maana wateja walitumiwa tokeni tatu kwa mpigo: mbili za kusasisha mita, ya tatu ya yuniti. Ukihamia nyumba iliyokaa tupu tangu wakati huo, uliza kama hili lilifanyika.

Basi fanya hivi

Angalia SMS zako kwanza. Je, una tarakimu 20?

Kama huna, safari ya kwanza ndiyo imekwama. Usilipe tena. Hakikisha nambari ya mita uliyoandika ni sahihi, kisha piga *977# uone kama tokeni ilitengenezwa. Ikikosekana, wasiliana nasi ukiwa na nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo.

Kama unazo, pesa imefika na sisi hatuna cha kurudisha. Ingiza tarakimu polepole, ukizisoma nne nne. Ikikataa bado, kagua betri na soketi, kisha piga simu Kenya Power kwa 97771 ukiwa na nambari ya mita na tokeni yenyewe. Usiifute hiyo SMS.

Jambo la mwisho. Akikupigia mtu akisema mita yako imefungwa na anahitaji PIN yako ili aifungue, kata simu. Umeona jinsi mita inavyofanya kazi: inasoma tarakimu za tokeni basi. PIN yako haina kazi yoyote pale.