Taa za Rangi Kalamba: Swichi Ndiyo Yenye Usemi

Mpango wenyewe, ukiusikia ukiwa Nairobi, hauna kasoro. Kijana ana nyumba ya wazazi Kalamba, Kaunti ya Makueni. Nje kuna taa nne za ukutani na moja ya lango, zote nyeupe, zilizofungwa mwaka stima ilipofika. Ananunua balbu za LED zinazobadilisha rangi, anamlipa fundi kazi ya nusu siku, anapakua programu kwenye simu, na Krismasi jamaa wakirudi nyumbani wanakuta boma likiwaka nyekundu, kijani na buluu. Januari akisharudi kazini, ataendelea kuziwasha na kuzizima kwa kidole akiwa Embakasi, Nairobi.

Tumezoea kuwahoji magavana na wabunge wanapozindua miradi na kuiacha ikigota. Hii midogo ya nyumbani haihojiwi na mtu, ingawa inagota kwa sababu zile zile. Tuihoji basi.

Fundi anapanda ngazi na kufungua taa ya kwanza, ile ya duara yenye kioo kizito na vyuma vya kukikinga. Ndani mna vumbi jekundu, mabawa ya wadudu, na mjusi aliyekauka. Holda ni ya pini, kama zilivyo holda nyingi za Kenya. Balbu alizoletewa ni za kuzungusha, kwa sababu nyingi kati ya balbu za rangi zinazouzwa mtandaoni huja hivyo. Hilo si tatizo kubwa: dukani kuna kiunganishi cha bei nafuu kinachogeuza pini kuwa ya kuzungusha. Ila kikishaingia, balbu inarefuka kama sentimita tatu au nne, na kioo hakifungi tena. Fundi ana njia mbili. Abadilishe holda, kazi ambayo hakulipiwa, au akiache kioo wazi. Ninyi mnajua atakachofanya. Mvua ya kwanza ikija na upepo, maji yanaingia moja kwa moja kwenye balbu iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule. Na hata kioo kingefunga, balbu ya LED ina vifaa vya umeme shingoni visivyopenda joto. Ukiifungia mahali pasipo na hewa, umri wake unapungua.

Tuseme amebadilisha holda, na zote zimewaka. Sasa tunafika kwenye swichi.

Balbu hizi zinasikiliza waifai muda wote, na ili zisikilize lazima swichi ya ukutani ibaki imewashwa usiku na mchana. Programu nzima imejengwa juu ya sharti hilo moja. Mama wa nyumba hakuambiwa, na hata angeambiwa asingekubali. Tangu stima iingie, kila usiku amekuwa akizima taa zote isipokuwa ya lango, na ana hesabu zake. Taa tano za wati 9, zikiwaka saa 12 kila usiku, zinakula uniti 16 na ushei kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wale ambao wastani wao hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Zamani mpaka ulikuwa 100. Taa za nje peke yake zinaweza kumaliza zaidi ya nusu ya fungu hilo kabla televisheni haijawashwa. Na kuzizima kwa simu hakuzizimi kabisa. Kila moja inaendelea kunyonya kama nusu wati ikingoja amri, kidogo sana, lakini mwenye kununua tokeni za shilingi hamsini huuona hata udogo huo.

Kwa hiyo mama anabonyeza swichi, na kule Embakasi simu inaandika kwamba taa zote za ukutani hazipatikani. Kijana anapiga simu nyumbani kuomba swichi iwashwe. Simu inayopokea ni kabambe, mulika mwizi ya vitufe, isiyoweza kupakua programu yoyote. Yaani mtu pekee anayelala chini ya taa hizi kila siku ndiye pekee asiyeweza kuziamuru, ila kwa kuzikata. Hapo sioni ubishi wa mzee dhidi ya teknolojia. Mradi ulimsahau mwenye nyumba, naye akautawala kwa kifaa alicho nacho.

Na hata swichi zikiachwa zimewashwa, stima nayo ina vituko vyake. Balbu nyingi za aina hii zimeundwa hivi: ukitaka kuziunganisha upya na waifai, unazima na kuwasha mara tatu upesi upesi, nazo zinaanza kupepesa zikingoja simu mpya. Mhandisi aliyelibuni hilo aliishi mahali ambapo stima haipotei na kurudi, kupotea na kurudi, wakati ngurumo zinapopita milimani. Stima ikicheza namna hiyo saa nane usiku, balbu zinadhani mtu amezibonyeza, zinasahau mtandao wa nyumbani na kuanza kupepesa zote pamoja. Jirani akiona anaweza kudhani kuna dharura. Zile zisizosahau nazo mara nyingi hurudi na nyeupe kali ya kiwandani, kana kwamba rangi hazijawahi kuchaguliwa.

Nisieleweke kwamba teknolojia yenyewe ni porojo. LED ya buluu, iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, ndiyo iliyofungua mlango huu wote: bila buluu hakuna nyeupe ya LED, na bila nyekundu, kijani na buluu kukaa kwenye balbu moja hakuna rangi za kuchanganya. Jengo la Empire State, New York, lilihamia LED mwaka 2012 likapata uwezo wa rangi milioni 16. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakibadilisha vifuniko vya rangi kwa mikono. Lakini lile jengo lina watu wanaolipwa kuzitunza taa. Kalamba kuna fundi aliyelipwa nusu siku.

Kiwanda cha kusindika matunda cha Makueni, kilichoanza 2017 enzi za Gavana Kivutha Kibwana, kiko hapa hapa Kalamba, na yeyote anayekijadili hafiki mbali kabla ya kutaja msimu: mtambo hauwezi kusaga embe ambazo hazipo. Taa za nje nazo zina msimu wao. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo Ukambani hutegemea zaidi, nazo huja na kumbikumbi. Jioni ya kwanza baada ya mvua, taa nyeupe ya ukutani inavuta wingu zima. Mabawa yanajaa mlangoni, mijusi wanashiba, kuku wanamalizia asubuhi. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wenye buluu nyingi, na nyeupe kali ya LED ina buluu ya kutosha. Geuza balbu hiyo hiyo iwe ya manjano ya kuiva, na idadi inapungua waziwazi.

Hapa ndipo mpango ungepata mashiko, na kwa bahati mbaya ndilo jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Rangi iliyonunuliwa kwa ajili ya Krismasi inafaa zaidi Novemba, na kwa sababu ambayo mama angeitaja mara moja kama angeulizwa.

Basi mtu akitaka kufanya kazi hii Kalamba, ushauri wangu ni huu. Taa ya lango aiache na swichi yake, abadilishe tu balbu iwe ya kawaida ya manjano. Ile ni ya usalama, haifai kutegemea waifai. Rangi azipeleke barazani, kwa ukanda wa LED wa volti 12 usioingia maji, wenye rimoti ya kushikwa mkononi. Aangalie adapta: ukanda wa mita tano wenye LED 60 kwa mita, ule mpana wa kawaida, unaweza kuvuta ampea 6 ukiwaka nyeupe, ilhali mara nyingi unauzwa na adapta ya ampea 2 au 3. Ukiona mwisho wa ukanda unakuwa mwekundu wakati mwanzo ni mweupe, si uchawi: volti zimepungua njiani na buluu ndiyo ya kwanza kuishiwa. Anayetaka simu pia, kuna programu huria iitwayo WLED inayokaa kwenye kidhibiti chenyewe na kufanya kazi bila intaneti, bando likiwepo au lisiwepo. Kazi ya nyaya za volti 240 ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, alipwe siku nzima.

Na kabla ya kutuma hela, piga simu nyumbani uulize mambo matatu: holda ni ya pini au ya kuzungusha, taa huzimwa saa ngapi, na nani huzizima. Rimoti mpe huyo wa mwisho.