Nani Atafunga Mabao ya Mayele?

Mshambuliaji Fiston Mayele alipoihama klabu ya Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, ubishi ulitanda kwenye vibandaumiza kutoka Dar es Salaam hadi huku Mkula, Simiyu: mabao yake atayafunga nani? Swali hilo lina hesabu yake, na anayetaka kuipiga anahitaji daftari na subira.

Mayele alifunga mabao 16 ya ligi msimu wa 2021/22, kisha 17 msimu uliofuata. Shabiki huichukua hiyo 17 akamtwisha mrithi: asipoifikia, ni garasa. Hapo ndipo tunapowaonea wachezaji. Bao ni tukio adimu, na idadi ya matukio adimu huyumba yenyewe. Kwa kanuni ya Poisson, kiasi cha kuyumba ni kipeuo cha pili cha wastani. Kwa 17 ni kama 4. Mshambuliaji yuleyule, mwenye uwezo uleule, anaweza kumaliza na 13 msimu huu na 21 ujao.

Sasa tumchukue mgeni wa kubuni aliyefunga mabao 9 katika mechi 12 huko atokako. Ukizidisha kwa mechi 30 za Ligi Kuu unapata zaidi ya 22, na vichwa vya habari vinaandikwa. Lakini mechi 12 ni ushahidi mdogo. Francis Galton, katika karne ya 19, aligundua kuwa watoto wa wazazi warefu mno kwa kawaida huwa wafupi kuliko wazazi wao. Matokeo yaliyopita kiasi huvutwa kuelekea wastani. Basi mwongezee mgeni wetu mechi 20 za mshambuliaji wa kawaida, tuseme wa bao 0.3 kwa mechi. Anakuwa na mabao 15 katika mechi 32, sawa na 14 kwa msimu mzima. Akicheza theluthi mbili tu za dakika, yanabaki 9 au 10. Na bado hujaondoa penalti, wala hujapima ugumu wa ligi aliyotoka. Wachambuzi wa mpira wa magongo wa barafuni huko Amerika Kaskazini wana kizidishio kwa kila ligi. Sisi, tunaosajili kutoka Ghana, Zambia na Ivory Coast kila dirisha, tungefaidika sana na jedwali la namna hiyo.

Turudi Yanga: kumrithi Mayele, ilimleta Hafiz Konkoni kutoka Ghana, akaondoka kabla msimu haujaisha. Ukimlinganisha na Mayele, usajili ulishindwa. Lakini timu ilitwaa ubingwa tena, na mfungaji bora wa ligi msimu huo wa 2023/24 alikuwa Stephane Aziz Ki, kiungo wa Yanga, kwa mabao 21. Nafasi za kufunga hazikuhama na Mayele. Pasi zilitafuta miguu mingine. Kocha naye alibadilika, Nabi akampisha Gamondi, na wachezaji wapya, Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli, wakaingia, kwa hiyo huwezi kumpa mtu mmoja sifa au lawama yote.

Ndiyo maana makadirio mazuri huanza na mabao ya timu nzima, ndipo yaulize mgeni atachukua sehemu gani. Kocha wa timu ya kata hapa Mkula anaweza kuanza Jumamosi hii: aandike dakika za kila mshambuliaji, mashuti yaliyolenga goli, na mabao, penalti zikikaa safu yake.