Majina ya Ukimwi Vinywani mwa Watu wa Mji

Ugonjwa mgeni uingiapo katika nchi hupewa majina mawili: jina la matabibu, na jina la watu wa barazani. Mara nyingi ni hili la pili litawalalo mwenendo wa watu. Katika kurasa hizi twataka kuyatazama majina ya Ukimwi katika Kiswahili cha Tanzania, hasa cha Dar es Salaam. Maana mwalimu au mchungaji asiyeyajua huweza kunena jambo moja, na wasikilizaji wake wakafahamu jingine.

Wagonjwa watatu wa kwanza walijulikana katika mkoa wa Kagera mwaka 1983, na kufika 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imepata wagonjwa. Huko Kagera watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fahari iliyoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Waganda nao waliuita Slim, neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Tazama basi madhara ya jina hili. Mtu aliyeambukizwa aweza kukaa miaka minane au kumi bila dawa na bila dalili, naye ni mnene na mwenye nguvu. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuwafundisha watu ya kuwa mgonjwa ni yule aliyekonda. Hivyo wengi walimchagua mwenzi kwa kumtazama mashavu.

Jina la Ukimwi lenyewe limeundwa kwa herufi za maneno Ukosefu wa Kinga Mwilini. Ni jina la bahati, kwa kuwa laanza kwa u na kuishia kwa irabu, nalo limeingia katika ngeli ya ugonjwa pasipo shida: ukimwi huu, ukimwi umeenea. Neno la virusi lina kisa cha kupendeza zaidi. Asili yake ni Kilatini, wala silo la wingi. Lakini Mswahili alisikia vi- mwanzoni, akalifanya la wingi, kisha akajitolea umoja wake, kirusi. Wenye kupenda usafi wa lugha na wacheke. Kwetu ni dalili ya kuwa neno limekuwa la wenyeji. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kuwa na virusi na kuugua Ukimwi si hali moja, na barazani zote mbili huitwa Ukimwi. Mtu akiambiwa ana virusi, husikia ya kuwa amekwisha hukumiwa kufa.

Vijana wa mjini wana maneno yao. Aliyeambukizwa husemwa ana ngoma, au amekanyaga miwaya, yaani nyaya za umeme. Herufi nne za jina la Kiingereza la ugonjwa, AIDS, walizifumbua kwa mzaha: Acha Iniue, Dogedoge Siachi, na dogedoge ni wasichana wabichi. Wako waliousikia mzaha huu wakaudhani ni ujinga. Sisi twaona sivyo, kwa kuwa asiyejua hatari hawezi kuifanyia mzaha. Waliousema walijua sana, ila hawakuona njia ya kuepuka, na siku zile dawa haikuwapo. Hata neno la miwaya lina fundisho lake: mtu akanyagaye waya alikuwa akipita njia tu. Hapana wa kulaumiwa, na kwa hiyo hapana wa kujihadhari. Kumzidishia mtu huyo khabari za kutisha ni kazi bure, maana hofu anayo tayari.

Yako pia maneno ambayo hayataji ugonjwa kamwe, nayo ndiyo yenye hatari zaidi. Nyumba ndogo ni hawara wa mume wa mtu. Mafiga matatu ni wanaume watatu wa mwanamke mmoja, kwa hoja ya kuwa chungu hakikai juu ya figa moja: mmoja hulipa kodi ya chumba, mwingine huleta chakula. Hapa mwalimu atambue ya kuwa njaa na kodi vimo ndani ya neno. Akikemea uasherati asiseme lolote juu ya kodi, amejibu nusu ya swali. Katika uchunguzi wa mwaka 2003 na 2004, miongoni mwa watu wazima wenye umri wa miaka 15 hata 49, wenye virusi mijini walikuwa kama 11 katika kila 100, na vijijini kama 5.

Mafundisho yaliyofaulu ni yale yaliyotwaa neno la watu. Tangu 2008 palikuwa na michezo mifupi ya redio juu ya mtu mzima awatongozaye wanafunzi wa kike, naye aliitwa Fataki, kitu kilipukacho. Punde jina lile likawa nomino ya kawaida, na watu barabarani wakamzomea mzee wa namna hiyo, Fataki! Aibu ilihamia kwa mwenye kosa.

Dawa zilianza kutolewa na serikali bila malipo mwaka 2004. Kwanza ziliitwa dawa za kupunguza makali, kama kisu kinavyofanywa butu. Sasa husemwa za kufubaza virusi, kama nguo ipaukavyo rangi. La pili lafaa zaidi. Makali yakipungua mtu hujiona amepona akaacha vidonge, na virusi huongezeka tena. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mzee Ambilikile Mwasapila, nao walikuwamo walioacha dawa za hospitali. Lakini azitumiaye kila siku hata virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Habari hii haijapata bado jina zuri la barazani, nasi twangoja watu wa mji walibuni.

Mwisho liko neno kupima, ambalo zamani lilitaka kitu cha kupimwa, nguo au shamba. Siku hizi mtu aulizwa, Umepima? na hakuna aulizaye, Nini? Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 yamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi, na mtu mzima kujipima mwenyewe. Basi kupima kumezaa kujipima, nalo laanza kusikika hata shuleni.