Umakamu wa Rais Si Ufunguo wa White House

Wananchi wa Marekani watamchagua Rais wao hapo Jumanne, tarehe 7 Novemba, 2028. Kama ilivyo desturi ya nchi ile, majina ya wanaodhaniwa kukitaka kiti yalianza kutajwa mara tu uchaguzi wa mwaka 2024 ulipokwisha. Safari hii kiti ki wazi, kwa kuwa Rais Donald Trump alichaguliwa mwaka 2016 na tena mwaka 2024, na Katiba, kwa nyongeza iliyotiwa mwaka 1951, yakataza mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili.

Katika Chama cha Republican jina linalotangulia ni la J. D. Vance. Alizaliwa Ohio mwaka 1984, akaingia katika Baraza la Senate mwaka 2023, na miaka miwili baadaye akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Pamoja naye hutajwa Marco Rubio, aliyekabidhiwa wizara ya mambo ya nchi za nje mwaka 2025, ambaye mwaka 2016 aliwania kuteuliwa na chama akashindwa na Bwana Trump.

Wapo wanaonena kana kwamba Bwana Vance amekwisha kushika ufunguo wa White House. Sisi twasita kukubali. Tangu mwaka 1960, Makamu wa Rais watano waliteuliwa na vyama vyao kugombea urais wakiwa bado madarakani: Richard Nixon mwaka 1960, Hubert Humphrey mwaka 1968, George Bush mwaka 1988, Al Gore mwaka 2000 na Kamala Harris mwaka 2024. Aliyeshinda ni mmoja tu, Bwana Bush. Na kabla yake, Makamu wa mwisho kupanda moja kwa moja kwa kura alikuwa Martin Van Buren, mwaka 1836!

Sababu yake si fumbo. Makamu hurithi sifa za bwana wake, lakini hurithi na madeni yake. Hawezi kumlaumu Rais bila ya kuonekana msaliti, wala hawezi kumsifu bila ya kubebeshwa kila kosa la serikali. Bwana Humphrey alibebeshwa vita vya Vietnam, na Bibi Harris alibebeshwa bei za vyakula. Kwa hiyo umakamu humfikisha mtu mlangoni, lakini wa kumfungulia ni wananchi.

Kwa upande wa Chama cha Democratic, wanaotajwa ni wengi. Yumo Bibi Harris mwenyewe. Yumo Pete Buttigieg, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi tangu mwaka 2021 hadi 2025. Na wamo magavana, kama vile Gavin Newsom aliyechaguliwa California mwaka 2018, Gretchen Whitmer aliyechaguliwa Michigan mwaka huo huo, na Josh Shapiro aliyechaguliwa Pennsylvania mwaka 2022. Magavana wana hoja nzuri, maana Carter, Reagan, Clinton na Bush mwana wote walipitia ugavana kabla ya kuwa marais. Hata hivyo, tangu mwaka 2004 hakuna aliyekuwa gavana aliyeshinda.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Edmund Muskie alitangulia mwaka 1972 akaanguka, na Jeb Bush alianza na fedha tele akajitoa mapema mwaka 2016. Kinyume chake, Joe Biden alishindwa Iowa na New Hampshire mwaka 2020, kisha South Carolina ikamwinua, akawa Rais. Na hata aliyeteuliwa na chama bado atatakiwa kupata kura 270 za wajumbe kati ya 538, kura ambazo mwaka 2024 ziliamuliwa na majimbo saba tu.

Msomaji aweza kuuliza, yatuhusu nini sisi tulio mbali? Yatuhusu sana. Mpango wa dawa za UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003 umeokoa maisha ya watu wengi Uganda, Kenya na Tanzania. Na shirika la misaada la USAID, lililoundwa chini ya Rais Kennedy mwaka 1961, lilivunjwa mwaka 2025 chini ya Rais Trump. Kalamu ya mtu mmoja huko Washington yaweza kujaza rafu ya dawa katika zahanati ya kijijini kwetu, na yaweza kuiacha tupu.

Kwa hiyo wagombea watakapoanza kuhutubia, tusishughulike na nani atangulia katika mbio. Tusikilize watasema nini juu ya Afrika, na kama hawasemi lolote, basi huko kunyamaza kwao nako ni jibu. Nchi ipangayo afya ya watu wake kwa kutegemea kura asiyoipiga, yafaa ianze leo kuweka akiba yake yenyewe.